Mtoto Asikatizwe

Mpaka Februari inaingia, Delfina Baldoni alikuwa ameshaua mimea saba ya darasani kwa kuinywesha maji. Alikuwa na miaka kumi. Kila asubuhi alivua viatu vyake, akavaa ndara za darasani, akachukua birika dogo la bati na kuanza kuzunguka, dirisha hadi dirisha, na mmea ukinyweshwa hivyo kutwa kucha huoza mizizi, hata ungekuwa sugu vipi. Alipochoshwa na maji alihamia kwenye penseli. Alizichonga. Penseli iliyokuwa nzima saa tatu, ikifika saa nne haina pa kushikia. Wenzake ishirini na wawili, wakubwa wa miaka kumi na miwili na wadogo wa tisa, wote chumba kimoja kama ilivyo desturi ya shule za Montessori, walikuwa wameshaficha zao.

Mwalimu Ersilia Morbidoni hakumkemea. Kwake mwalimu hapigi kelele, hasimami mbele na kijiti, wala hamwambii mtoto sasa fungua ukurasa fulani. Anamwonyesha kazi mara moja, taratibu, kisha anarudi nyuma na kungoja ile kazi imshike mtoto yenyewe. Miaka thelathini na mmoja Ersilia alikuwa akingoja watoto. Ukimtaka mtu wa kungoja hapa Montelarco, basi ndiye. Alikuwa na daftari lake la kuandika anachokiona, na tangu Oktoba mstari wa Delfina ulikuwa uleule: D., maji. D., penseli. D., maji.

Sababu ilijulikana mji mzima. Mama yake, Loredana, aliyekuwa fundi kwenye kiwanda cha vinanda vya mkono, aliugua Septemba, na tangu Krismasi alikuwa amelazwa hospitali kule juu kilimani. Baba yake, Oreste, dereva wa lori la maziwa, alikuwa amekonda mpaka suruali zikamshinda. Mtoto alilelewa nusu na baba, nusu na shangazi yake Nives, mwenye duka la nyuzi na vifungo karibu na kanisa. Wote walikuwa wakimsubiri Loredana apone, halafu, kuanzia Januari, wakaacha kusema habari za kupona.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo Ersilia aliishika kuliko zote: mtoto akizama kwenye kazi asikatizwe. Asiitwe, asisifiwe, asiulizwe unafanya nini mpenzi, asikoholewe sikioni. Aliisema kanuni hiyo kwenye kila mkutano wa wazazi, mpaka wazazi wakaifanya mzaha. Walisema mwaka wa tetemeko Ersilia aliiambia ardhi isubiri kwanza, kuna mtoto anagawanya. Yeye alicheka nao. Ila moyoni alijua kwamba kama ardhi ingesikia, kweli angeiambia.

Basi ikaja Alhamisi moja, theluji ilianguka tangu alfajiri, na Delfina akaingia, akavaa ndara, akalishika birika. Akasimama nalo. Kisha akalirudisha mahali pake likiwa limejaa, akaenda kwenye kabati, akachukua mikeka miwili na kuitandika sakafuni, ukingo kwa ukingo.

Ersilia alikuwa kwenye meza ya watoto wa miaka tisa. Hakugeuza kichwa. Aliangalia kwa pembe ya jicho tu, kama mtu aliyeona ndege ametua dirishani.

Delfina alileta sanduku la shanga. Shanga zile zimetungwa kwenye waya kwa hesabu, na kila hesabu na rangi yake: moja nyekundu, mbili kijani, tatu waridi, nne manjano, hivyo hivyo mpaka kumi ambayo ni dhahabu. Kazi yenyewe ni kuzipanga zote, moja mara moja, moja mara mbili, mbili mara mbili, mpaka kumi mara kumi, na ukizipanga sawasawa zinatoka mraba mkubwa wa rangi mbalimbali, kama zulia la harusi. Ukikosea, mraba hautoki. Hahitajiki mwalimu wa kukuambia umekosea, maana shanga zenyewe zinakusuta. Ni kazi ya saa nzima na zaidi, na watu wazima wengi wangeshindwa.

Ilipofika saa tatu na nusu alikuwa ameshapita tano. Ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Nywele zimemwangukia usoni na hana habari nazo. Mtoto mmoja alidondosha sahani ya bati pale kwenye kona ya kuandaa mkate, ikalia kama kengele ya kanisa, na Delfina hakushtuka. Ersilia alifungua daftari lake, akaandika D., na hapo akaiweka kalamu chini. Alifurahi mno, jamani. Alifurahi mpaka akaona aibu.

Saa tatu na dakika arobaini mlango ukafunguliwa, akaingia Nives na theluji mabegani, anahema.

"Shikamoo, mwalimu," alinong'ona.

"Marahaba, Nives. Kuna nini?"

"Nimemfuata mtoto. Loredana anamtaka. Tangu kumekucha anamtaja."

"Daktari kasemaje?"

"Kasema anaweza kwenda leo, anaweza kufika Jumapili. Si wiki iliyopita alisema hivyohivyo? Ila Oreste roho imemruka, kaniambia nenda kamlete sasa hivi."

Ni kweli, wiki iliyopita ilikuwa hivyohivyo. Oreste alimnyakua mtoto darasani, wakapanda kilima mbio, wakamkuta Loredana amekaa kitandani anakunywa mchuzi, na cha kwanza alichouliza ni kwa nini mtoto ameacha shule. Delfina alirudi kesho yake akamwagia mimea maji mara mbili ya kawaida.

Ersilia alimshika Nives kiwiko, akamgeuza kidogo ili aone.

Sasa lazima mjue Nives alikuwa nani. Miaka ishirini nyuma alikaa sakafu ileile, akapanga shanga zilezile, akafundishwa na Ersilia huyuhuyu. Mwanamke mzima, mwenye duka, lakini alipoona kichwa kile kimeinama juu ya mkeka, sauti yake ikashuka yenyewe.

"Ee Mungu wangu," alisema. "Anafanya kazi."

"Mara ya kwanza tangu Oktoba."

"Amefika wapi?"

"Yuko kwenye saba."

Wote wawili walijua saba ni wapi na kumi ni wapi.

"Nusu saa," alisema Ersilia. "Akimaliza namwambia mimi mwenyewe, mnakwenda. Ukimtoa sasa anakwenda vipande viwili. Mwache amalize, aende kwa mama yake akiwa mzima."

Nives aliangalia saa ya ukutani. Aliangalia mtoto. "Nusu saa haina neno, au siyo?" alisema.

"Haina neno."

Nives akakaa kwenye kiti cha wageni, kile kifupi karibu na mlango. Na wiki ile zamu ya kupokea wageni ilikuwa ya Leandro, mtoto wa miaka kumi na miwili mwenye adabu za kizee. Alikuja na kikombe cha kahawa ya shayiri juu ya sinia, akakiweka bila kelele, kisha akamletea kitabu cha wageni na kalamu, kama alivyofundishwa. Nives akaandika jina lake. Akaandika na saa aliyofika. Wala hakufikiri, mkono ulienda wenyewe, kama mtu anavyojifuta miguu mlangoni kwa mtu.

Hebu nikuulize, nani mwingine duniani angekaa? Mwanamke yeyote wa sokoni, asiyejua shule hizi ni nini, angemkamata mtoto mkono na kumburuza, shanga zikatawanyika, na mtoto akalia njia nzima. Angekuwa amefanya jambo la maana. Hawa wawili walikuwa wamesoma mno namna ya kuheshimu mtoto.

Saa nne na robo Delfina aliweka kumi ya mwisho. Mraba ukatoka. Ulitoka sawasawa, pembe nne, mikeka miwili ikang'aa. Nives akainuka, tayari ameshika mkoba, na Ersilia naye akapiga hatua moja mbele.

Lakini Delfina hakuinuka. Aliinamisha kichwa upande mmoja, akautazama mraba wake kama anayesikiliza. Kisha akaanza kuziondoa zile za mbili, akazibadilisha kwa miraba midogo ya mbili, akapandanisha mmoja juu ya mwenzake. Likatoka bweta dogo la kijani, pande zote sawa. Akaenda kwenye tatu. Akazikusanya zote za waridi, akabadilisha, akapandanisha, likatoka bweta jingine kubwa zaidi. Akakalia visigino vyake, akashusha pumzi. Alikuwa amegundua kwamba ule mraba mkubwa wote, ukiuvunja, unageuka mabweta kumi, na hakuna kinachobaki, hata ushanga mmoja. Hakuna aliyemwonyesha. Watoto wengine wakaanza kusogea, mmoja mmoja, mikono mgongoni, kimya.

Nives alikuwa bado amesimama. Akamtazama mwalimu, akaonyesha saa kwa kidevu.

Ersilia akainua mkono. Aliuinua kiganja mbele, chini kidogo, kama unavyomtuliza mtu ukumbini: ngoja. Machozi yalikuwa yanamtoka, ya furaha. Nives akakaa.

Saa tano kasoro dakika kumi mnara wa mabweta yote kumi ulikuwa umesimama, dhahabu chini, na juu kabisa ushanga mmoja mwekundu. Delfina aligeuka, akawaona wenzake wote wamemzunguka, akacheka. Alicheka kwa sauti. Aliandika kwenye daftari lake la kazi saa aliyoanza na saa aliyomaliza, kama kila mtoto pale anavyofanya, na hapo ndipo Ersilia alipopiga magoti kando yake.

"Shangazi yako amekuja, mwanangu. Mama anakutaka."

"Mama! Namwambia kuhusu mabweta!" Akaruka, akamkimbilia Nives, akavuta mkono wake. Hakungoja kuvaa viatu. Walitoka na theluji ile, mtoto na ndara za darasani.

Viatu vyake vilibaki kwenye rafu. Saa sita Pierina, mhudumu wa shule, alikuja kutoka kwenye simu ya ofisini, macho mekundu, akamnong'oneza Ersilia mlangoni. Loredana alikata roho saa nne na dakika ishirini na tano. Mtoto alifika saa tano na dakika tano, mbio, anaita tangu kwenye korido.

Ersilia alirudi darasani, akaendelea na kazi mpaka mwisho wa siku. Aliwaaga watoto kwa kuwapa mkono mmoja mmoja, kama kawaida. Walipokwisha wote alikaa sakafuni mbele ya ule mnara ambao hakuna aliyethubutu kuuvunja, akahesabu. Kutoka shuleni hadi hospitali ni dakika kumi na tano kwa miguu, hata na theluji. Wangetoka saa tatu na dakika arobaini, wangefika saa nne kasoro tano. Nusu saa kamili. Alihesabu tena na tena, na kila mara ilitoka nusu saa. Akakipiga sakafuni kile kiganja alichomwinulia Nives, mpaka kikavimba.

Mazikoni alisimama nyuma. Delfina alikuwa mbele, koti la kuazima, hakulia. Watu walipotawanyika Nives alimfuata mwalimu mpaka ukutani, akamshika mkono kwa nguvu.

"Oreste anadhani theluji ilinichelewesha," alisema. "Na mtoto anadhani nilifika dakika chache tu kabla hajamaliza. Mwalimu, nakuomba. Tusiwaambie."

"Nives..."

"Ni mimi niliyekaa. Ningeweza kusema hapana, sikusema. Nilikunywa na kahawa! Unasikia? Nilikunywa kahawa yote, nikaacha kikombe kitupu." Uso wake ulikuwa umevunjika. "Mtoto ananilalia kifuani kila siku. Akijua, atalala wapi?"

Ersilia alitaka kumwambia ukweli mtu, mtu yeyote, naye huyo ampige kofi. Hakuna aliyempiga. Akanyamaza, na kunyamaza kule kukawa ndiyo ahadi.

Delfina alirudi baada ya siku tisa. Alisalimia, akavaa ndara mpya, akakaa. Hakugusa birika. Alikuwa mpole sana, mpole wa kutisha, anawasaidia wadogo kufunga kamba za aproni, anafuta meza. Siku moja alimwambia Ersilia, bila kuulizwa, "Laiti ningepanga haraka kidogo. Nilikuwa mzito kwenye nane." Ersilia alifungua mdomo. Akaufunga.

Machi ikaja na zamu ya kupokea wageni ikamwangukia Delfina. Jumatatu walitarajiwa walimu wanafunzi wawili kutoka Ancona, na yeye, mtoto wa taratibu, akachukua kitabu cha wageni mapema ili apige mstari wa tarehe. Alikaa nacho kwenye meza ya dirishani. Baada ya muda akaenda kuchukua daftari lake la kazi. Akarudi, akachukua karatasi ndefu, rula, penseli, akainama.

Ersilia alimwona kutoka mbali. Alimwona kainama, ulimi pembeni ya mdomo, nywele usoni, anachora mstari na kuugawanya. Watoto hawa huchora mistari ya namna hiyo mwaka mzima, historia ya dunia, ya samaki, ya binadamu wa kwanza. Ersilia alifurahi. Naam, hata baada ya yote, alifurahi! Akawapungia wadogo wasipite karibu na meza ile, akafungua daftari lake, akaandika: D., anafanya kazi.

Nusu saa baadaye Delfina alisimama mbele yake na karatasi.

"Mwalimu, naomba uikague."

Watoto pale hawaombi kukaguliwa. Ersilia aliipokea. Mstari ulikuwa mnyoofu, umepimwa vizuri, dakika kwa dakika. Kwenye saa tatu na dakika arobaini paliandikwa: shangazi amefika. Kwenye saa nne kasoro tano: ningefika. Kwenye saa nne na dakika ishirini na tano: mama. Kwenye saa tano kasoro kumi: nimemaliza. Na kati ya "ningefika" na "mama" alikuwa amepaka rangi.

"Nimekosea mahali?" aliuliza Delfina.

Hapo Ersilia angeweza kusema kitu. Kwamba shangazi aliandika saa vibaya, kwamba saa ya ukutani ilikuwa mbele. Mtoto alikuwa akimtazama kwa macho ya mtu anayeomba aambiwe amekosea.

"Hujakosea," alisema Ersilia.

"Ni nusu saa."

"Ndiyo."

"Baba aliniambia mama aliuliza mara tatu kama nimefika. Nikadhani wakati ule nilikuwa njiani." Sauti ilikuwa tulivu. "Kumbe nilikuwa hapa."

"Ulikuwa hapa."

"Shangazi alikuwa amekaa pale."

"Ni mimi niliyemkalisha. Alitaka kukuchukua, nikamwambia angoje. Akasimama mara ya pili, nikamkalisha tena. Usimlaumu shangazi yako."

"Kwa nini hukuniita?"

Majibu ya swali hilo Ersilia alikuwa nayo ya miaka thelathini na mmoja. Aliyatoa kwenye mikutano, aliyafundisha kwa walimu wanafunzi, aliweza kuyasema amelala. Yote yalimjia mdomoni, na yote akayaacha.

"Nilikuwa na furaha," alisema. "Nilikuona umezama kwenye kazi baada ya miezi yote ile, nikafurahi kupita kiasi. Sikutaka ikome. Nilijiambia nangoja kwa ajili yako. Nilikuwa nangoja kwa ajili yangu."

Delfina alifikiri. Alikuwa amefundishwa kufikiri, na alifikiri vizuri, kipande kwa kipande.

"Ungenikatiza ningekasirika kidogo," alisema. "Kidogo tu. Halafu kesho yake ningeendelea." Na hapo ndipo uso wake ulipoharibika, akaanza kulia, kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi ile, akilia na kusema kwa pamoja: "Shanga zingeningoja, mwalimu! Shanga zingeningoja!"

Darasa zima liligeuka. Ersilia alinyoosha mikono, mtoto akarudi nyuma hatua moja. Akaja Leandro, akamshika bega, akampeleka kwenye maji akanawe uso. Ersilia alibaki na ile karatasi, na mikono yake hakujua aiweke wapi.

Oreste alikuja kesho yake. Ersilia alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata alitamani. Lakini yule bwana alisimama mlangoni na kofia mkononi, amezeeka, akasema hataki maneno mengi.

"Kaniambia kila kitu. Kaniambia pia kwamba wewe hukumdanganya alipokuuliza. Hilo nimelisikia. Ila hataki tena hapa. Ameomba mwenyewe, anataka ile shule ya mtaa wa chini, ya serikali, yenye kengele. Nikamuuliza kwa nini yenye kengele. Kasema kule hata ukiwa katikati ya neno, kengele ikilia unaacha."

"Oreste, mimi..."

"Najua," alisema Oreste. "Loredana alikupenda sana." Akachukua begi la mtoto na madaftari yake, akaondoka.

Nives naye hakukanyaga tena shuleni. Akikutana na mwalimu sokoni alivuka barabara, si kwa chuki, bali kama watu wawili walioiba pamoja na hawataki kuonwa wamesimama mahali pamoja. Na darasani watoto waliendelea. Mwanzoni mwa Mei walimu wanafunzi walirudi, wakamuuliza Ersilia, kalamu mkononi, je, kuna wakati ambapo inafaa kumkatiza mtoto? Aliwatazama mpaka wakaona haya, kisha akatoka nje akaegemea ukuta wa baridi wa ua, akalia kwa sauti kama mtoto aliyepotea.

Mwisho wa mwezi ule alishindwa kuvumilia. Alimwachia mwenzake darasa, akashuka mtaa wa chini saa saba mchana, akasimama kando ya geti la ile shule. Alikuwa ametayarisha maneno. Alikuwa ameyatayarisha wiki nzima, ameyaandika na kuyafuta. Hakutaka asamehewe. Alitaka mtoto ajue jambo moja tu: kwamba yale mabweta aliyoyagundua yalikuwa yake, kwamba siku ile hakufanya kosa lolote, na asiogope tena kuipenda kazi mpaka akajisahau.

Kengele ikalia. Ilikuwa kali, ya umeme, ya kukata masikio. Dirishani Ersilia aliona vichwa vyote vikiinuka kwa pamoja, kalamu zikitupwa, viti vikikwaruza. Watoto wakamwagika nje. Delfina akatoka na aproni nyeusi yenye kola nyeupe, amerefuka kidogo, begi mgongoni. Alimwona. Hakukimbia wala hakugeuza uso. Alikuja moja kwa moja mpaka getini.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo." Alikuwa akimtazama usoni, anangoja, na macho yalikuwa laini kidogo. Alikuwa tayari kusikia. Ersilia aliliona hilo waziwazi, moyo ukampanda.

"Delfina, nimekuja kwa sababu kuna kitu nataka ukijue. Siku ile..."

"Delfina!"

Ni Nives, kutoka kwenye kona ya mtaa. Hakupaza sauti sana. Pengine alikuwa hajaona mtoto anaongea na nani.

Na mtoto akageuka palepale, kama aliyevutwa na kamba, mdomo bado uko wazi kwa kusikiliza, akaondoka mbio. Hakuaga. Alikimbia kwa nguvu zake zote, akagonga mtoto mwingine begani, akapita katikati ya baiskeli mbili, na alipofika kwa shangazi yake alimshika mikono yote miwili na kumuuliza kitu, anahema, akamuuliza tena. Nives alimtikisia kichwa, hapana, hakuna kitu, nilikuwa nakuita tu twende tukale.

Ersilia alisimama pale getini na maneno yake. Angeweza kumwita. Hawakuwa wamefika mbali, na jina lilikuwa mdomoni tayari. Lakini alijua kwamba akimwita mtoto yule angegeuka na kurudi kwa mbio zilezile, na kwa uso uleule wa hofu, na hakuweza kuutazama mara ya pili.

Akawangoja wapotee kwenye kona, ndipo akapanda kurudi shuleni.